Ukuta Usio na Duka Nyuma Yake: Wauza Vitabu wa Kando ya Mto Seine

Ukitaka kitabu cha mtumba barabarani Nairobi, lazima uiname. Vitabu vimetandazwa chini juu ya turubai, nawe unachuchumaa au unapinda mgongo kuchagua, na ndiyo maana watu wakaziita biashara hizo "inama". Paris hakuna kuinama. Vitabu vikuukuu vya kando ya mto Seine viko usawa wa kifua, ndani ya masanduku ya kijani yaliyopandishwa juu ya ukuta mfupi wa mawe, ule unaozuia watu wasitumbukie mtoni. Unasimama wima, unapekua, na ukiinua macho unaona maji na mashua. Suala hili la kimo linaonekana dogo, lakini kwangu mimi ndilo linaloeleza nusu ya habari yote.

Wafaransa wanawaita bouquinistes, kutokana na bouquin, kitabu kikuukuu, neno lililotoka kwa majirani zao wa kaskazini wasemao Kiholanzi, ambako lilimaanisha kijitabu. Wako kama 230, na masanduku yao yanakaribia 900. Upande wa kulia wa mto wameenea kuanzia daraja la Pont Marie hadi gati la Louvre, na upande wa kushoto kuanzia gati la Tournelle hadi gati la Voltaire. Ukizijumlisha kingo hizo ni zaidi ya kilomita 3. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba humo mna vitabu vipatavyo 300,000.

Sasa piga hesabu kidogo. Huyu ni mtu aliyesimama mkabala na kanisa la Notre-Dame, kwenye ardhi ambayo matajiri wa dunia nzima wanaigombania, naye anauza riwaya yenye jalada laini kwa euro 3 au 4. Mvua ikinyesha anafunga. Upepo ukivuma anashikilia karatasi. Kwa kanuni zote za biashara alipaswa kuwa amefilisika tangu enzi za babu yake. Ukiuliza inakuwaje yupo, jibu unalopewa ni kwamba Paris ni mji unaopenda vitabu. Jibu tamu, lakini mapenzi hayalipi kodi ya pango. Wako hai kwa sababu nyingine, na mbili kubwa ni ukuta na karatasi ya kibali.

Daraja lililokosa nyumba

Tuanze na ukuta. Paris kuna daraja liitwalo Pont Neuf, yaani Daraja Jipya, ingawa leo ndilo kongwe kuliko yote yaliyosimama mjini humo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1578 chini ya mfalme Henri III, na Henri IV akalifungua mwanzoni mwa miaka ya 1600. Wakati ule madaraja makubwa ya Paris yalikuwa yamejengewa nyumba juu yake, pande zote mbili. Ukivuka ni kama unapita kichochoroni; mto wenyewe huuoni. Hili jipya halikujengewa nyumba, tena likawekewa njia ya miguu iliyoinuliwa pembeni, watu wapite bila kukanyagwa na farasi. Mji uliobanana ukapata ghafla mahali peupe penye watu kutwa nzima. Wachuuzi wakajaa: wang'oa meno, waimbaji, wauza dawa za kila ugonjwa, na wauza vitabu.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga bidhaa kandokando ya barabara anajua kwamba ana maadui wawili. Wa kwanza ni mpita njia uliyemzibia nafasi. Huyo ukisogeza turubai kidogo mnaelewana. Wa pili ni mwenye duka ambaye mlango wake umeufunika, na huyo haongei na wewe, anakwenda halmashauri. Wamachinga wa Dar es Salaam walipoondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021, hoja zilikuwa hizo hizo mbili, njia na milango ya maduka. Ukuta wa mtoni una sifa ya pekee: nyuma yake hakuna mlango wa mtu. Kuna maji tu. Tena ni meza tayari, ndefu, ya jiwe, haihitaji fundi.

Adui wa pili hata hivyo alikuwepo, ila si mgongoni. Alikuwa ng'ambo ya barabara. Chama cha wauza vitabu wenye maduka kilikuwa na nguvu, kwa sababu mfalme alikitumia kujua nini kinachapishwa na nani. Kitabu cha dukani kilikuwa kimepitia ruhusa. Kile cha kutoka chini ya koti la mchuuzi hakikujulikana kimetoka wapi. Amri za zamani ziliwaweka wachuuzi hawa fungu moja na wapokeaji wa mali ya wizi, na nadhani si mara zote walikuwa wanasingiziwa. Halafu kati ya mwaka 1648 na 1653 ukazuka uasi ulioitwa Fronde, na mji ukafurika vijikaratasi vya kumtukana Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, maelfu ya vijikaratasi. Vilisambazwa wapi? Darajani. Mwaka 1649 vibanda vya vitabu vikapigwa marufuku Pont Neuf.

Mwisho wa habari hiyo unaweza kuutunga mwenyewe. Walifukuzwa, wakarudi. Walifukuzwa tena, wakasogea kwenye kuta za magati jirani. Kwa zaidi ya karne moja wakawa wanacheza mchezo ule wanaoujua wachuuzi wa Kariakoo: mgambo akitokea, kunja, akipita, tandaza.

Vitabu hutoka wapi

Mara nyingi tunaulizana vitabu vya mtumba vinauzwaje, hatuulizani vimefikaje. Nguo za mtumba tunajua: belo linafunguliwa, watu wanakimbilia. Vitabu navyo vina mabelo yake, na belo kubwa kuliko yote Paris lilifunguliwa na Mapinduzi ya mwaka 1789. Mali za kanisa zilitaifishwa, na makabaila waliokimbia nchi wakanyang'anywa majumba. Ndani ya majumba hayo na nyumba za watawa mlikuwa na maktaba. Vingi vilihifadhiwa na dola, lakini vingi pia vilivuja, na vilipovuja viliteremka hadi mtoni. Vitabu vyenye jalada la ngozi na nembo ya ukoo vikawa vinauzwa kando ya barabara kwa mtu ambaye miaka mitano kabla asingeruhusiwa hata kukanyaga zulia la chumba vilimokuwa.

Jambo hili linaniuma kidogo, lakini ni kweli: soko la vitabu vikuukuu hunenepa nyumba zinapoanguka. Baghdad wanalijua vizuri zaidi. Mtaa wa al-Mutanabbi, unaoishia kwenye mto Tigris, una soko la vitabu linalofurika siku za Ijumaa. Katika miaka ya 1990, Iraq ilipokuwa imewekewa vikwazo vya uchumi, wasomi, walimu na madaktari waliokuwa hawana tena mshahara wa maana waliteremsha maktaba zao za nyumbani wakaziuza pale, kitabu kimoja kimoja. Meza hazijawahi kuwa tajiri kama zilivyokuwa wakati nchi ni maskini. Tarehe 5 Machi 2007 gari lenye bomu likalipuka katika mtaa huo, watu wengi wakafa na maduka yakaungua. Mwishoni mwa mwaka 2008 mtaa ukafunguliwa upya, na vitabu vikarudi.

Paris ya leo haianguki, lakini wazee wanafariki kila siku, na nyumba za huko ni ndogo. Mtoto anarithi rafu za baba yake, hana pa kuziweka. Anampigia simu muuza vitabu, au anapita na gari akiwa na maboksi. Vingine hupatikana kwenye minada, maarufu zaidi ikiwa ile ya nyumba ya Drouot, na vingine hununuliwa kwa wenzao wa soko la vitabu la bustani ya Georges-Brassens, kusini mwa mji, mwishoni mwa wiki. Mjuzi wa kazi hii haoneshi ujuzi wake wakati wa kuuza. Anauonesha akiwa amepiga magoti kwenye sebule ya marehemu, ana dakika ishirini, ana maboksi arobaini mbele yake, na inabidi ataje bei moja kwa yote.

Karatasi

Kilichowageuza kutoka wachuuzi kuwa watu wa kudumu ni utawala wa jiji kuchoka kuwafukuza. Mwaka 1859 jiji lilianza kuwapa sehemu maalumu: kila mmoja mita 10 za ukuta, kwa ada ya mwaka, kuuza kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Lakini jioni ilibidi mtu abebe kila kitu. Hebu fikiria mzigo wa vitabu, mkokoteni, mawe ya barabara yaliyolowa, kila siku mara mbili. Mwaka 1891 ndipo waliporuhusiwa kuacha mali yao ukutani usiku. Kwangu mimi huo ndio mwaka walioshinda. Anayeruhusiwa kulala na bidhaa yake mahali fulani amekuwa mwenyeji, hata kama kibali chake kinasema ni wa muda.

Mwaka uliofuata alifariki Xavier Marmier, mwanachama wa Académie française, baraza la wasomi wa lugha ya Kifaransa, aliyekuwa amezoea kuzurura kwenye magati hayo akitafuta vitabu. Wosia wake uliacha faranga 1,000 ili wauza vitabu wa mtoni wale chakula cha jioni kizuri pamoja, kama shukrani kwa saa za furaha alizozipata kwao. Wakaenda kula. Watu waliozoea mkate na jibini wakiwa wamesimama mvuani walikaa kwenye meza ya mgahawa wa kifahari kwa gharama ya mteja aliye kaburini. Siwezi kuwaza heshima kubwa zaidi ambayo mteja amewahi kumpa mchuuzi.

Turudi kwenye karatasi, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Leo muuza vitabu wa Seine halipi kodi ya pango wala ushuru wa sehemu anayosimama. Kodi nyingine za kibiashara analipa kama mtu mwingine, lakini ukuta anaupata bure. Hii ndiyo siri ya ile riwaya ya euro 3. Ukimwondolea mwenye duka gharama ya pango, naye angeweza kukaa kutwa akisubiri wateja sita.

Bure hiyo inalipiwa kwa utii. Haki haizidi masanduku manne kwa kila mmoja. Rangi ni moja kwa wote, kijani kilichoiva cha mabehewa ya treni ya zamani. Kila sanduku lina urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 75. Kimo ni sentimita 60 upande wa mto na 35 upande wa barabara, kwa hiyo likifungwa linainama kumwelekea mpita njia. Kifuniko kikiinuliwa kisivuke mita 2.10 kutoka chini. Wengi huzisoma namba hizi kama urasimu wa Kifaransa, na urasimu upo, lakini zina mantiki yake: jiji linaruhusu vitabu mradi visiufiche mto. Muuzaji lazima afungue angalau siku nne kwa wiki, hali ya hewa ikiruhusu. Kibali ni cha mtu binafsi, hakiuzwi, hakirithishwi kama shamba.

Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukaa barabarani kila siku, wengine huajiri msaidizi wa kufungua na kuuza. Huyu wanamwita ouvre-boîte, "mfungua sanduku", neno lile lile Wafaransa wanaloliitia kifaa cha kufungulia kopo la samaki.

Sanduku la nne

Kanuni inasema masanduku matatu yawe ya vitabu. La nne linaweza kubeba vitu vingine: picha za kuchapwa, stempu, postikadi, kumbukumbu za watalii. Mnara wa Eiffel wa kuning'iniza kwenye funguo ndio bidhaa inayosababisha ugomvi mkubwa kuliko kitabu chochote kilichowahi kuuzwa hapo, hata vile vya kumtukana Mazarin.

Wanaopenda usafi wa kazi wanasema minara hiyo inaua sifa ya magati. Kuna masanduku ambayo mtalii anaweza kuyapita asijue kwamba ni ya vitabu, na miaka iliyopita jiji limewahi kuwakumbusha wauzaji kwa barua kwamba uwiano ni tatu kwa moja. Wanaouza minara wana jibu fupi. Mgeni kutoka Osaka au São Paulo hasomi Kifaransa. Yeye ndiye anayepita, nao waliokuwa wakinunua mashairi wamehamia vitongojini ambako nyumba ni nafuu, na wananunua kwa simu. Funguo mbili za euro 2 ndizo zinazomwezesha muuzaji kuendelea kuweka kitabu cha historia ya reli ambacho kitamngoja mteja wake miaka minane.

Mimi niko upande wa funguo, kwa masharti. Hakuna muuza vitabu vikuukuu duniani aliyeishi kwa vitabu peke yake. Wetu huuza kalamu, daftari, ramani ya Afrika Mashariki na mitihani ya miaka iliyopita, na hatumwoni kuwa msaliti.

Intaneti ndiyo adui wa kweli, ingawa haionekani ukutani. Zamani bei ya kitabu adimu ilikuwa kichwani mwa muuzaji. Mteja mjanja angeweza kuokota johari kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji hakuijua, na siku nyingine muuzaji angempiga bei mteja asiyejua. Pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kurudi kesho. Sasa mteja anatoa simu, anatazama bei, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Sheria ya mwaka 1981 inamlazimu kila muuzaji Ufaransa auze kitabu kipya kwa bei aliyoweka mchapishaji, punguzo lisizidi asilimia 5. Kwa hiyo anayetaka kitabu kwa bei rahisi amebakiwa na njia moja, mtumba. Sheria hiyo ni mbolea kwa wa mtoni, lakini inamrutubisha pia yule wa mtandaoni mwenye ghala kubwa na asiyelowa mvua.

Kuna kitu kimoja ambacho simu haijaweza kukifanya. Mtandaoni unatafuta unachokijua. Ukutani unakutana na usichokuwa ukikitafuta, na mara nyingi kina jina la mtu mwingine ndani ya jalada. Sisi tuliosoma kwa vitabu vyenye majina matatu ya wanafunzi waliotutangulia, la mwisho likiwa limekatwa kwa wino mwekundu, hatuhitaji kufafanuliwa utamu wake.

Barua ya polisi

Ugumu wa maisha yao ya karibuni unajulikana. Kulikuwa na Jumamosi za maandamano ya kuipinga serikali, yale ya vizibao vya njano, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018. Ikaja korona, mwaka 2020, watalii wakapotea kabisa. Katikati ya hayo, mwanzoni mwa mwaka 2019, kazi yao ikaingizwa kwenye orodha ya Ufaransa ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Kingo zenyewe za Seine zilikuwa tayari urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1991.

Heshima hizo zote zilipimwa Julai 2023. Paris ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2024, ambayo ingefanyika juu ya mto badala ya uwanjani, na polisi wakawaarifu wauza vitabu kwamba zaidi ya nusu ya masanduku, kama 600, yataondolewa kwa sababu za usalama. Ndani ya sanduku, walisema, mtu anaweza kuficha bomu. Serikali ilikuwa tayari kugharamia usafirishaji na ukarabati. Wenye masanduku walijibu kwamba mengine ni ya mbao za miaka mingi, yameshikamana na ukuta kwa kutu na mazoea. Ukiyainua yatabaki vipande. Tarehe 17 Novemba 2023 yakainuliwa manne kwa majaribio, kamera za dunia zikitazama.

Wito wao ulitiwa saini na watu zaidi ya laki moja. Tarehe 13 Februari 2024, Rais Emmanuel Macron akaamua yabaki yote yalipo, na taarifa ya ikulu yake ikawaita urithi hai wa mji mkuu. Walishangilia. Ilipofika Julai, kingo zile zikazungushiwa uzio wa usalama kwa zaidi ya wiki moja kabla ya sherehe, hupiti bila kibali cha kuonesha kwenye simu, na mtu akikuta ukuta wake umezingirwa namna hiyo, ushindi unakuwa wa kutazama tu. Sanduku lilibaki, wateja wakaondolewa.

Kisa hicho kinaonesha walivyosimama kweli. Kwa karatasi, polisi hawakuwa wakivunja haki ya mtu, kwani kibali cha kukaa kwenye eneo la umma ni kibali tu. Kilichowaokoa hakikuandikwa kwenye kanuni: kila mtu aliyewahi kufika Paris alikuwa na picha ya masanduku yale kichwani, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuwa ndiye aliyeifuta. Machinga wetu hana picha hiyo. Wa Paris hawakuwa nayo pia mwaka 1649.

Watu bado wanaomba kuingia. Mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya korona kuwaacha wengine wamestaafu na wengine wamechoka, jiji lilitangaza nafasi 18. Anayekubaliwa haoneshwi kibanda kilichopakwa rangi na kukabidhiwa funguo. Anachopewa ni kipande cha ukuta wa jiwe, pamoja na vipimo: urefu mita 2, upana sentimita 75, kijani kile kile. Masanduku atafute fundi mwenyewe.